Hitilafu Isiyo na Msimamizi

Siku Bosi Rómulo Peredo alipotangaza kwamba hakuna mtu kuandika hata mstari mmoja mpya wa programu mpaka hitilafu zote ziishe, mimi nilikuwa na salteña mdomoni, ule mkate wetu wa nyama wenye mchuzi ndani. Nilishtuka, mchuzi ukanimwagikia shati. Hapa Cochabamba, mtu mzima akidondosha mchuzi wa salteña ni aibu kubwa kuliko kukutwa kwenye banda la kuku la jirani. Kwa hiyo nakiri: ugomvi wangu na tangazo lile ulianzia kwenye shati. Mambo ya haki yalifuata baadaye.

Jina langu Fidencio Rocabado, miaka sabini na miwili. Nilikuwa fundi redio, nikastaafu, nikachoka kustaafu. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu nilichookota kikiwa kimekosa kurasa sitini za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo najua kumaliza programu kuliko kuianza. Miaka kumi na miwili iliyopita niliandika programu ya kugawa zamu za maji kwa mitaa ya vilimani, upande wa kusini, ambako bomba halitoi kila siku na kila nyumba ina saa zake. Sehemu zake zote nilizipa majina ya shangazi zangu. Shangazi Eduviges hupokea jina la mwenye nyumba, humpa Shangazi Leocadia, naye hugawa saa. Vijana waliosoma chuo walicheka sana walipoingia humo mara ya kwanza. Walipomgusa Leocadia bila adabu, mtaa mzima ukakaa siku mbili bila tone. Tangu hapo ofisi imeniwekea kiti karibu na dirisha, na hakuna anayeuliza nimestaafu au la.

Basi, Bosi Rómulo. Sisi humwita Licenciado, maana ana shahada na hupenda ijulikane. Si mtu mbaya. Kampuni aliyofanya kazi kabla ya yetu ilizama kwa hitilafu, kama mashua ya mbao zilizooza, na yeye alikuwa ndani. Aliyenusurika kuzama huogopa hata beseni. Alipoambiwa kwamba wageni wa mji mkuu watakuja kuikagua programu yetu, alihesabu orodha ya hitilafu, akakuta mia tatu na kumi na mbili, akaandika idadi hiyo ubaoni kwa tarakimu kubwa kama za jezi.

"Sifuri!" alisema. "Nataka kuona sifuri hapa. Mpaka hapo, hakuna kazi mpya."

Injinia Nayra Terrazas alisimama. Ndiye anayeongoza vijana wetu wanne, ana miaka ishirini na tisa, na akikasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda.

"Licenciado, na sauti ya Molle Pata?"

"Ingoje."

"Mkutano wao ni Jumapili ya wiki ijayo. Siku tisa. Mkutano haungoji."

"Nyumba chafu haipokei wageni, Injinia."

"Sasa nyumba isiyo na mlango tunaifagia ili iweje?"

Vijana wakainamisha vichwa kwenye kompyuta, mabega yanatikisika. Licenciado akaenda zake.

Niseme hiyo sauti ilikuwa nini, maana ndiyo kiini cha yote. Programu yetu ilikuwa inatuma meseji: zamu yako ya maji siku fulani, saa fulani. Lakini kule Molle Pata, mmoja wa mitaa ile ya vilimani, nusu ya akina mama hawasomi, na wale wanaosoma wanasoma Kihispania kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe. Meseji kwao ni sisimizi wanaotembea kwenye kioo. Zamu zinapita, maji yanafunguliwa na kufungwa, mapipa yanabaki makavu. Mwenyekiti wa kamati yao ya maji, Doña Casimira Choque, alikuwa ameuahidi mkutano mkuu kwamba mashine itampigia kila mtu simu na kusema Kikechua. Aliahidi kwa sababu Nayra alimwahidi yeye. Na mkutano ukamjibu wazi: isiposema, tunarudi kwenye daftari, na wewe unashuka kitini.

Daftari lile alikuwa nalo Abundio, mfungua maji, mwenye ufunguo wa koki kuu. Enzi za daftari, jua la Molle Pata lilikuwa linachomoza upande wanakokaa wakwe zake Abundio, na maji yalifuata jua.

Tukaanza kufukuza sifuri. Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, Jumanne. Tuliziba hitilafu arobaini. Wakati tunaziba, zikazaliwa arobaini na saba. Ni kama nzi wa chicha, pombe yetu ya mahindi: ukimuua mmoja, ndugu zake wote wanakuja msibani. Jumanne jioni ubao ulisomeka mia tatu na kumi na tisa. Gróver, kijana wetu mcheshi, alikuwa ameshinda siku nzima akishughulikia hitilafu namba nane, iliyopigwa alama nyekundu ya hatari kubwa kabisa.

"Nane ni nini?" nilimuuliza.

"Mtu akiwa na bomba zaidi ya tisini na tisa, programu inaanguka."

"Nani ana bomba mia?"

"Hakuna, Mzee Fide."

"Kilimani kuna mtu mwenye bomba mbili?"

"Hakuna."

"Sasa unamtibu nani, mwanangu? Unamchoma sindano mgonjwa ambaye hajazaliwa."

Jumatano saa nne asubuhi, saa ya salteña, tulisimama kwenye kibanda cha kona kama kawaida. Nayra hakula. Alikuwa anaitazama salteña yake ikipoa, na hapa kwetu hiyo ni dalili ya kumwita daktari.

"Siku nne zimebaki," alisema. "Sauti imefika nusu. Nitampigia Doña Casimira nimwambie nimeshindwa."

"Humwambii ng'o," nikasema. "Injinia, umeshaolewa?"

"Mzee Fide, leo siyo siku ya utani."

"Siku ukiolewa, keki ataleta nani?"

"Msimamizi wa keki."

"Na bendi?"

"Msimamizi wa muziki."

"Na sahani, na pete, na bia, na zile karatasi za kurusha?"

"Kila kimoja na msimamizi wake. Unataka kusema nini?"

Kila mtu hapa anajua desturi hiyo. Hatufungi harusi, hatujengi nyumba, hatununui hata jezi za timu ya mtaa bila kila kitu kutafutiwa msimamizi, mtu mwenye jina na uso anayesema mbele za watu: hili ni langu. Kisichopata msimamizi hakifanyiki, na sherehe haisimami kwa ajili yake. Niliona harusi moja kule Punata iliyokosa msimamizi wa kumleta bwana harusi, ikaendelea bila yeye vizuri tu mpaka usiku, bibi harusi akacheza na kila mtu. Ndiyo, nawaambia kweli. Kama ni uongo, mlima Tunari unifuate nyumbani.

"Nasema hivi," nikamwambia Nayra. "Kila hitilafu itafutiwe msimamizi. Mtu hai, inayemuumiza, atakayesema kwa kinywa chake imemfanya nini. Tukiiziba, aje mwenyewe aijaribu mbele yetu. Yenye msimamizi tunaishika. Isiyo na msimamizi, ingoje."

Gróver akaacha kutafuna. "Na desturi ni kwamba msimamizi haji mikono mitupu."

"Ukitaka jibini, sema jibini," nikamjibu.

Nayra akachukua salteña yake iliyopoa akaing'ata. "Asubuhi hitilafu zenye wasimamizi," akasema kwa ile sauti ya chini. "Mchana sauti. Kila siku, mpaka Jumapili. Na Licenciado akiuliza, nitamjibu mimi."

Tulichapa kila hitilafu kwenye kadi yake, mia tatu na kumi na tisa, tukazitia kwenye gunia la viazi, nami nikapanda nazo Molle Pata. Nilimkuta Doña Casimira uani kwake anamenya maharage mabichi, yeye na akina mama kama ishirini. Mwanamke mfupi, mpana, kofia yake imekaa wima kichwani kama imepewa hati ya kiwanja.

"Shikamoo yako ina gunia, Don Fidencio," akasema. "Umeleta mbegu?"

"Nimeleta watoto wasio na wazazi, mama. Natafuta wasimamizi."

"Wewe? Umri huo? Hongera!"

Akina mama wakaangua kicheko. Nikaketi, nikaanza kusoma kadi moja moja kwa Kikechua. "Hii hapa: mtu akiwa na bomba mia, programu inaanguka. Nani anaisimamia?"

"Mpelekee rais!"

"Hii: kitufe cha kuingilia ni kijani badala ya buluu."

"Kitufe ni nini?"

"Hii: mwezi wa pili ukiwa na siku thelathini na moja, kalenda inakwama."

"Mwezi huo ukifika niite, nina deni la kulala!"

Kadi zilikuwa zinarudi guniani kwa mafungu. Kisha nikasoma moja iliyokuwa na alama ya kijivu, maana yake ndogo, isiyo na haraka. "Saa ya programu iko nyuma dakika kumi."

Kicheko kikakatika. Mama mmoja mwenye mikono ya udongo akainuka. "Kumbe ndiyo hiyo! Nilidhani Abundio ananipunja. Mimi ni wa mwisho kwenye bomba la juu. Dakika kumi ni ndoo nne, Don Fidencio. Ndoo nne ndizo za kufulia nguo za mama yangu aliyelala kitandani. Hiyo ni yangu. Iandike: Doña Tomasa, msimamizi."

Baada ya hapo zikaja nyingine, taratibu, kama wageni wanaoona haya. Kufikia jua la alasiri nilikuwa na kadi kumi na saba zenye majina. Karibu zote zilikuwa za kijivu. Zile nyekundu tulizozikeshea ofisini hazikupata hata jirani wa kuzitazama.

Doña Casimira akanisindikiza mpaka kwenye ukuta wa mawe. "Na sauti yangu?"

"Injinia anaiandika."

"Jumapili nitasimama pale uwanjani, Don Fidencio. Abundio amenunua shati jipya kwa ajili ya siku hiyo. Nisikudanganye, kiti chenyewe si kitu, mgongo unaniuma. Lakini daftari likirudi kwake, Tomasa hatapata hata hizo ndoo nne za matope."

"Itasema, mama."

"Isiposema, njoo useme wewe."

Aliyasema hayo kwa utani, lakini niliyabeba mpaka ofisini.

Alhamisi Licenciado alifika akakuta kadi kumi na saba zimebandikwa ukutani na majina ya watu, gunia liko chini ya meza yangu, na Doña Tomasa amekaa kwenye kiti chake yeye Licenciado, sahani ya huminta za moto, vikate vya mahindi na jibini, mapajani, anaitazama saa ya programu na saa ya mkononi kwa zamu.

"Nini hiki?"

"Msimamizi," Nayra akajibu bila kugeuka. "Anahakikisha. Doña Tomasa, zinalingana?"

"Zinalingana, mwanangu. Subiri nihesabu tena, siwaamini."

"Injinia, nilisema sifuri!"

"Ulisema. Tumejaribu siku nne, tukaenda kinyumenyume. Sasa asubuhi tunaziba zenye watu, mchana tunajenga sauti."

"Na zile mia tatu?"

"Hazina msimamizi. Zingoje."

Licenciado akachota kadi guniani, ikawa ile ya kitufe. "Kitufe cha kijani! Mimi mwenyewe nimekwambia mara tano kiwe buluu!"

"Kumbe msimamizi yupo!" nikapiga makofi. "Gróver, andika: Licenciado Rómulo Peredo. Hongera, mzazi mwenzangu. Desturi unaijua, kila unachosimamia uje ukijaribu mwenyewe, na usije mikono mitupu."

Akachukua nyingine kwa hasira, nayo ilikuwa yake, na nyingine tena. Ndani ya nusu saa alikuwa amejitwisha watoto sitini na mmoja: rangi, herufi, mistari iliyopinda, nembo iliyokaa kushoto. Doña Tomasa akamwangalia kwa huruma. "Licenciado, kwa zawadi za hao wote utamaliza ng'ombe."

"Hii ni kampuni, siyo harusi!" Uso ulikuwa umemwiva. "Injinia, Jumapili hutapanda kilimani na kitu kilichojaa kasoro. Nakukataza. Ukipanda, usirudi."

Nayra akaendelea kuandika. "Jumapili huwa sina kazi ofisini, Licenciado. Nikipanda, nimepanda na miguu yangu."

"Na programu ni ya kampuni."

"Mkataba wa Molle Pata unasema programu ni yao mpaka Desemba. Nimeusoma. Wewe je?"

Licenciado akatafuta pa kukaa. Akakaa pembeni, mahali pa Gróver, maana kiti chake kilikuwa na mtu.

Sauti yenyewe tulirekodi Ijumaa. Nayra anaelewa Kikechua cha nyanya yake lakini akikisema, nyanya yake hucheka. Vijana wengine ni wa Kihispania tu. Ikabaki sauti yangu. Walinifungia kwenye kabati la makaratasi, makoti sita yamening'inia kuzuia mwangwi, nikasoma siku za wiki, saa, na majina ya wenye nyumba wote wa Molle Pata, mia moja themanini na sita, moja baada ya jingine kama mchungaji anayehesabu kondoo wasiotulia. Nilitoka humo nimepungua kilo nne. Gróver alisema mbili, lakini hakuwa kabatini. Jumamosi mchana Nayra akamkabidhi Shangazi Leocadia ile sauti. Leocadia akaipokea bila kelele, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia mimi nilipokuwa mtoto.

Hitilafu kumi na tatu kati ya zile kumi na saba zilikuwa zimezibwa na kujaribiwa, ofisi nzima inanuka jibini na mahindi. Ubaoni pangeweza kuandikwa mia tatu na sita, lakini hakuna aliyenyanyua chaki.

Jumapili uwanja wa mpira wa Molle Pata ulijaa. Kule mkutano wa maji haukosi mtu, maana faini ya kutokuja inauma. Wanaume wamechuchumaa upande wa goli, akina mama wamekaa chini na vitambaa vyao, kipaza sauti kimeazimwa kanisani. Abundio alikuwa mbele na shati lake jipya lenye mikunjo ya dukani, majani ya koka shavuni, daftari kwapani.

Doña Casimira hakuhutubia sana. "Niliahidi itasema. Ikikaa kimya, nitashuka hapa. Injinia, washa."

Nayra akawasha. Simu ikalia kwenye kipaza sauti, kisha uwanja mzima ukasikia, kwa Kikechua: "Doña Tomasa Veizaga. Maji yako Jumatatu, saa moja asubuhi. Fungua bomba."

Watu wakatazamana. Halafu: "Huyo si Don Fidencio? Anaongea kama mbuzi ndani ya mtungi!"

"Mbuzi ana sauti nzuri kuliko huyo!"

"Lakini tumeelewa!" akapaza Tomasa. "Nani hajaelewa? Anyoshe mkono!"

Hakunyosha mtu. Mashine ikaendelea kuita, jina, siku, saa, na kila anayetajwa alikuwa anaitika "Nipo!" kama shuleni, vicheko vinazunguka. Nilimwona Doña Casimira akishusha mabega kidogo kidogo. Nilimwona pia Licenciado, amesimama nyuma ya goli na viatu vyake safi. Alikuwa ametufuata mpaka kule.

Ndipo sauti yangu ikasema: "Don Severo Condori. Maji yako Jumatatu, saa kumi jioni. Fungua bomba."

 Wanaume walivua kofia. Mimi sikujua. Nilisoma majina kama yalivyokuwa kwenye orodha, na kabatini hakuna anayekuambia nani yu hai.

"Severo amekufa," mtu akasema. "Miaka mitatu sasa."

Abundio alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mnaona? Mnaona mashine yao? Inaita maiti! Inatuletea nuksi mtaani! Daftari langu halijawahi kumwita marehemu!"

Manung'uniko yakapanda. Licenciado akapita katikati ya watu mbio, akafika mezani. "Zima," akamwambia Nayra. "Zima haraka. Hii ndiyo nilikuwa naogopa. Zima kabla haijatuua!"

"Sizimi."

"Injinia, ni amri!"

"Ikikosea, ikosee mbele yao. Maji ni yao." Akaweka kiganja juu ya kompyuta, kama mtu anayemzuia mtoto asinyanyuke mezani. "Sizimi, Licenciado. Nifukuze kesho."

Nyuma kabisa akainuka mama mzee mwembamba, Doña Primitiva, mjane wa Severo. Uwanja ukampisha. Alitembea polepole mpaka mbele, nikajua sasa nitalaaniwa kwa Kikechua safi, na nastahili.

"Irudie," alisema.

Nayra akairudisha. Don Severo Condori. Jumatatu. Saa kumi jioni.

"Hiyo ilikuwa zamu yetu," alisema mjane. "Saa mbili za Jumatatu. Alipokufa, Abundio alikuja nyumbani akaniambia zamu ya Severo imefutwa, imekufa naye. Akanipa nusu saa ya Alhamisi. Miaka mitatu nakunywa nusu saa. Sasa mashine inasema zamu ipo." Akageuka. "Abundio. Jumatatu saa kumi jioni, wewe unafungua koki kwa nani?"

"Mimi... mama, hayo ni mambo ya mashine..."

"Meseji za Severo zilikuwa zinakwenda wapi?" Nayra akamuuliza Primitiva.

"Kwenye simu yake."

"Nayo iko wapi?"

"Nilimzika nayo. Alikuwa anaipenda."

Miaka mitatu! Miaka mitatu programu yangu ilikuwa inamwandikia mtu aliye futi sita chini, kila wiki, kwa heshima zote, na hakuna aliye juu ya ardhi aliyesoma. Hitilafu hiyo haikuwa kwenye orodha. Haikuwa miongoni mwa mia tatu na kumi na tisa, wala isingeingia hata tungezifuta zote mpaka sifuri ing'ae ubaoni kama sarafu. Ilijulikana tu kwa sababu siku ile mashine ilifungua mdomo.

Doña Casimira ndiye aliyegeuka kwanza. Chini ya uwanja, nyuma ya ukuta, kuna kiwanja cha Abundio cha majani ya alfalfa. Watu wote wakageuka naye. Mwezi Agosti kilima kizima ni kijivu, vumbi mpaka kwenye kope za mbwa. Alfalfa ya Abundio ilikuwa ya kijani kama kasuku.

"Ni umande," Abundio akasema.

"Umande!" Tomasa akapasuka. "Umande wa saa mbili kila Jumatatu!"

Sitaeleza kicheko kile. Niseme tu kwamba kondori, wale ndege wakubwa wa milimani, walioshuka kutazama kuna nini walirudi juu wamekasirika. Kilipotulia, kicheko kiligeuka kuwa kitu kingine, na Abundio alilisikia badiliko hilo kabla yetu. Aliliweka daftari mezani polepole. Ufunguo wa koki akauweka juu yake.

Kura zilipigwa kwa mikono. Mashine ibaki: mia moja na sabini. Daftari lirudi: tisa, wote wakwe. Doña Casimira abaki kitini: hapo hata wakwe wawili walinyosha. Ufunguo ukaenda kwa Primitiva, ambaye aliuficha ndani ya kitambaa cha kifuani bila kusema asante kwa mtu.

Licenciado akainua kidole. "Naomba kusema neno."

"Umejiandikisha?" Doña Casimira akamuuliza.

"Mimi ni mkurugenzi wa..."

"Wasemaji wanajiandikisha kwa katibu. Wewe ni wa ishirini na tatu. Kaa hapo kwenye jua na wenzako."

Akakaa. Alisikiliza habari ya mbwa wa fulani, ya ukuta wa fulani, ya mchango wa tarumbeta ya bendi ya shule. Mtu akampa kibuyu cha chicha, akanywa. Baada ya saa moja na nusu akaitwa. Alisimama, suruali ina vumbi, akamtazama Nayra badala ya kuutazama mkutano.

"Nilikuja kuzima," alisema.

"Tulisikia," uwanja ukajibu.

"Ningezima, nisingejua." Akajifuta vumbi la suruali. "Lakini kesho bado nataka ile orodha ipungue."

"Itapungua," Nayra akasema. "Zenye watu kwanza. Na mchana ni wa kujenga. Kila mchana, Licenciado, sitauachia hata mmoja. Kama hutaki, hapa kilimani wananiuliza kama nina nafasi."

"Anayo!" wakapiga kelele akina mama.

Licenciado akakaa tena, ingawa zamu yake ya kusema ilikuwa haijaisha.

Jumatatu saa kumi kasoro dakika moja nilikuwa uani kwa Doña Primitiva. Sikuwa na shughuli huko, nilipita tu, kwa kupanda kilomita sita. Nayra alikuwa ameshabadilisha jina na namba. Simu ilipolia, bibi aliiweka sikioni, akanitazama mimi niliyesimama mbele yake nimefumba mdomo, akasikia sauti yangu inamwambia afungue bomba.

"Nimesikia," aliifokea simu. "Acha kelele, niko hapa na ndoo. Na siku nyingine uanze kwa kunisalimu!"

Mashine haikumjibu, maana haijui kusikia. Bomba likakohoa, likatema vumbi, kisha maji yakaja, mengi.

Nilimpelekea Nayra malalamiko yale jioni hiyohiyo: hakuna salamu, na haisikii anachojibiwa. Aliandika jina la msimamizi kwenye kadi ya salamu akaibandika ukutani. Sehemu ya kusikia ameshaianza, kila mchana yuko nayo. Hitilafu zilizobaki, pamoja na mpya, ni mia tatu na tisa. Zingoje.